Nzi wadogo kwenye vyungu na sashe: tafuteni mahali wanapozaliwa



Mvua zikirudi mwezi wa tisa, kuna swali tunaloulizwa sana tukitembelea koperativi za Kasongo na Kabambare. Mama mmoja anauliza juu ya chungu chake cha aloe vera kilicho barazani: akikigusa tu, nzi wadogo weusi wanaruka. Mwenzake anauliza kitu kile kile juu ya kitalu cha koperativi, ile pepinyeri ya ngazi, kahawa au papai: kila sashe ina nzi wake, na miche inaanza kulala chini. Kisha wote wawili wanamalizia namna moja: «Tununue dawa gani?»

Jibu letu linashangaza watu: mbele ya kununua dawa, tafuteni kwanza nzi anazaliwa wapi. Yule munayemuona anaruka ni mzazi tu. Kazi mbaya inafanywa na watoto wake, na watoto wako mahali ambapo pampu haifiki. Mukijua mahali hapo, mara nyingi hamutatoa hata franga moja.

Makala hii inaanza na chungu cha nyumbani, inapita kwenye sashe za kitalu, na inamalizia kwenye shamba la muhogo. Huko pia kuna nzi mdogo, lakini huyo ni mwingine, na hasara yake ni kubwa kuliko ya hao wengine wote.

Kwanza: huyu ni nani?

Watu wengi wanasema «nzi wadogo» kana kwamba ni kabila moja. Hapana. Nyumbani na kitaluni munaweza kukuta wa aina tatu, na kila mmoja ana makao yake.

Wa kwanza ni nzi mweusi wa udongo. Ana urefu wa milimeta 2 hadi 4, mwembamba, miguu mirefu, anafanana na mbu mdogo sana lakini haumi. Haruki vizuri: anatembea juu ya udongo, anaruka kidogo, anatua tena. Huyo anazaliwa ndani ya udongo wenye maji.

Wa pili ni nzi mweupe. Ana kama milimeta 1 tu, mabawa meupe kana kwamba amepakwa unga. Anakaa chini ya jani. Ukitikisa mumea, wanaruka kama majivu yaliyopulizwa, kisha wanarudi chini ya majani. Huyo anazaliwa juu ya jani lenyewe, upande wa chini.

Wa tatu ni nzi wa matunda, wa rangi ya kahawia, mara nyingi mwenye macho mekundu. Mumea hautaki. Anafuata ndizi zilizoiva sana, maganda ya nanasi, chombo cha pombe. Ukiondoa uchafu wa jikoni, naye ataondoka.

Namna ya kuwatambua ni rahisi. Gusa udongo: wakitoka udongoni, ni wale weusi. Tikisa majani: wakitoka chini ya majani, ni wale weupe. Wasipotoka kwenye mumea hata kidogo, angalia kapu la matunda.

Kwenye aloe vera (wengine wanaiita mshubiri) na mimea mingine yenye majani manene yenye maji ndani, tunayemkuta mara nyingi ni yule mweusi wa udongo. Basi tuanze naye.

Nzi mweusi: ugonjwa wake ni maji mengi

Jike wa nzi huyu anatafuta udongo ulio na maji juu na wenye vitu vinavyooza. Anaweza kutaga mayai zaidi ya 100. Baada ya siku chache mayai yanatoa funza weupe, karibu kama kioo, wenye kichwa cheusi kinachong'aa. (Si wale funza wa miguuni.) Funza hao wanakula ukungu na majani yaliyooza ndani ya udongo kwa muda wa wiki mbili hivi. Vile vinawapungukia, au wao wenyewe wanakuwa wengi, wanaanza kula mizizi midogo. Kisha wanajifunga, wanageuka, na baada ya siku chache wanatoka na mabawa. Kutoka yai hadi nzi anayeruka ni wiki tatu au nne, na joto linaharakisha.

Sasa munaelewa juu ya nini dawa ya kupulizia hewani haisaidii. Inaua wale wanaoruka leo, ambao wangekufa wenyewe baada ya wiki moja hivi. Mayai, funza na wale waliojifunga wanabaki salama chini. Wiki inayofuata baraza inajaa tena, na munarudi dukani. Mfanyabiashara anafurahi, nzi hajali.

Aloe vera ni mumea wa nchi kavu. Majani yake ni matangi ya maji. Ndani ya nyumba au chini ya baraza, inaweza kukaa wiki mbili au tatu bila kunyeshewa na isione shida. Lakini sisi tumezoea kumwagilia lengalenga na nyanya kila siku, basi na aloe tunaipa kilauri kila asubuhi. Mizizi inakosa hewa, inaoza, ukungu unaota, na nzi anapata nyumba na chakula. Majani yakianza kuwa laini na ya manjano, na shina likiwa la kahawia chini na kunuka, nzi hakuanzisha hayo. Maji ndiyo yaliyoanzisha, nzi alikuja kwenye karamu.

Fanyeni hivi:

1. Acheni kumwagilia. Ingizeni kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Mukisikia ubaridi na unyevu, musimwage maji. Subirini hadi chungu kikauke chote, ndipo mumwage vizuri mara moja na maji yatoke chini.

2. Angalieni matundu. Kopo la maziwa, kopo la rangi au bido lililokatwa ni chungu kizuri, ikiwa tu lina matundu matano au sita chini, ya unene wa msumari mkubwa. Kama kuna sahani chini ya chungu, mwageni maji yake. Maji yanayokaa kwenye sahani yanazalisha pia mbu.

3. Wekeni mchanga juu. Mchanga wa mto wenye chembe nene, wa Lualaba au wa Luama, uoshwe, ukauke, kisha utandazwe kwa unene wa sentimeta 2. Mchanga unakauka haraka, na jike hapendi kutaga mahali pakavu.

4. Tegeni wale wanaoruka. Rangi ya manjano inawavuta. Kateni kipande cha bido la manjano la mafuta, kama kiganja cha mukono, mukipake vazelini au grisi, mukichomeke kwenye chungu karibu na udongo. Wataganda hapo. Huo mtego peke yake haumalizi kazi, lakini unapunguza wanaotaga, na unawaonyesha kama idadi inashuka.

5. Endeleeni wiki nne bila kuacha. Mukiacha wiki ya pili sababu hamuoni nzi tena, wale waliokuwa bado funza watatoka na kuanza upya.

Mumea ulioanza kuoza, utoeni katika chungu. Kateni mizizi myeusi na sehemu laini kwa kisu safi, uacheni kivulini siku mbili au tatu hadi kidonda kikauke, kisha pandeni tena katika udongo mpya ambao nusu yake ni mchanga. Udongo wa zamani musiurudishe. Utandazeni juani, mbali na vyungu vingine.

Kwenye sashe za kitalu: hapa hasara inaanza kuonekana

Mumea mkubwa unaweza kuvumilia funza kumi kwenye mizizi. Muche wa wiki mbili hauwezi. Mizizi yake ni kama nyuzi, na funza mmoja anaweza kuukata. Tena, anapouma anafungua mlango kwa ukungu wa udongoni unaoozesha shina pale linapotoka ardhini. Asubuhi unaona muche umelala kana kwamba umekatwa na uzi. Nzi mwenyewe pia anaweza kubeba ukungu huo kutoka sashe moja hadi nyingine.

Mbegu nzuri ya ngazi au ya kahawa ni pesa, na muda uliopotea haurudi. Kitalu kikiharibika, familia zinazosubiri miche zinapoteza msimu mzima. Ndiyo maana hapa kazi inaanza mbele ya kupanda.

Udongo wa sashe usiwe na samadi mbichi wala majani yaliyooza nusu. Hicho ndicho chakula cha funza. Mbolea ya kuoza iwe imeoza kabisa: nyeusi, inavunjika mukononi, haina joto ndani ya rundo na hainuki. Kipimo kinachofaa miche mingi ni baseni 1 ya udongo mzuri, baseni 1 ya mchanga wa mto, na nusu baseni ya mbolea iliyooza.

Mukitaka kuua mayai na ukungu katika udongo wa kuotesha mbegu ndogo kama nyanya na bilinganya, chemsheni maji, muyamwage yakiwa bado yanatokota juu ya udongo ulio ndani ya baseni lenye matundu, hadi yapite chini. Funikeni, acheni upoe na kupungua maji siku moja au mbili, ndipo mupande. Musimwage kamwe maji ya moto kwenye sashe yenye muche.

Kumwagilia kuwe asubuhi, si jioni, ili uso wa udongo ukauke mbele ya usiku. Ni kweli, muche wa ngazi hauvumilii ukame kama aloe. Hatusemi muuache na kiu. Tunasema mupime: gusa udongo wa sashe kumi katika sehemu tofauti za kitalu. Zikiwa bado na maji, siku hiyo mumwagiliaji apumzike. Wakati wa mvua kubwa, acheni nafasi kati ya mistari ili hewa ipite, na punguzeni majani ya kivuli kidogo kidogo miche inapokua.

Kuna jaribio moja la kujua kama funza wapo. Chukueni kipande cha kiazi ulaya kibichi, kile kinachotoka Kivu, mukilaze juu ya udongo kwa siku mbili au tatu. Mukikigeuza, funza wenye vichwa vyeusi watakuwa wamekuja kukila. Tupeni kipande pamoja na funza wake, muweke kingine. Sashe ambazo miche yake imekwisha kulala, ziondoeni siku hiyo hiyo, pamoja na udongo wake.

Nzi mweupe: huyu mumuangalie kwenye muhogo

Mukitikisa mumea na kuona unga mweupe unaruka, mumekutana na mtu mwingine. Kwenye chungu kimoja cha nyanya au pilipili, kazi si kubwa: pangusa chini ya majani kwa kitambaa chenye maji na sabuni ya kipande kidogo, rudieni kila siku tano au sita kwa wiki tatu. Sabuni ya unga ya kufulia musiitumie, inachoma majani. Na kwenye aloe vera tumieni maji matupu, sababu sabuni inaondoa ule weupe wa juu unaolinda jani.

Lakini mupite sasa shambani. Geuzeni majani ya juu ya muhogo, yale machanga. Hao nzi weupe munaowaona hapo hawali tu utomvu. Wanabeba magonjwa mawili ya muhogo.

La kwanza ni mozaiki. Jani lina mabaka ya manjano na kijani, linajikunja, linakuwa dogo. Ugonjwa huu ulielezwa kwa maandishi mara ya kwanza mwaka 1894, huko Usambara, Tanzania ya leo. Mwisho wa miaka ya 1980 aina yake kali ilianza kuangamiza muhogo Uganda, kisha ikaenea nchi za jirani, na kwetu Congo pia.

La pili ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa mwaka 1936 kutoka Amani, Tanzania. Huu ni mjanja. Sombe inaweza kuonekana nzuri, kuna umanjano kidogo tu kando ya mishipa ya majani ya chini, na shina limesimama. Siku ya kuvuna, munakata muhogo na ndani kuna kuoza kukavu kwa rangi ya kahawia. Haufai kwa bugali wala kwa soko. Ugonjwa huo umekwisha kuthibitishwa Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Kivu Kusini ni jirani ya Kabambare.

Je, tupulizie dawa shamba lote? Hapana. Nzi weupe ni wengi mno, wanakaa chini ya majani, wanarudi haraka, na wanazoea dawa. Tena familia zinachuma sombe katika shamba hilo hilo. Dawa mutaila.

Hapa pia tafuteni ugonjwa unaanzia wapi. Nzi mweupe haubebi ugonjwa wa michirizi mbali: virusi vyake havikai muda mrefu ndani yake, basi anaupitisha kwa mimea ya karibu tu. Anayeuvusha kutoka teritware moja hadi nyingine ni mtu, na fungu la vipandikizi nyuma ya baiskeli. Mozaiki nayo inasafiri kwa nzi na kwa vipandikizi.

Kwa hiyo:

— Chagueni mashina ya kupanda wakati majani bado yako juu ya mumea, si baada ya kuvuna. Fungeni uzi kwenye mimea isiyo na alama yoyote, na mukate kutoka kwa hiyo tu. Siku ya kuvuna, pasueni muhogo wake. Ukiwa na madoa ya kahawia ndani, mashina yake yachomwe.

— Miezi mitatu ya kwanza, pita shambani kila wiki. Mumea wenye alama ung'olewe na uchomwe au ufukiwe. Usiuonee huruma. Unakula nafasi na unaambukiza wenzake.

— Musipande shamba jipya kando ya shamba la zamani lenye mozaiki.

— Mashina kutoka mbali musiyapokee kwa sababu ni ya bure au ya ndugu. Ulizeni aina inayovumilia mozaiki kwa INERA, kwa SENASEM au kwa agronomo wenu, na koperativi iwe na shamba lake dogo la kuzalisha mashina safi.

Si kila kinachoruka ni adui

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kidudu kingine cha muhogo, cheupe kama pamba, kilifika Kinshasa na Brazzaville kutoka Amerika ya Kusini. Kilienea Afrika na kuleta njaa sehemu nyingi. Dawa hazikukimaliza. Watafiti walikwenda hadi Paraguay, wakakuta nyigu mdogo sana anayetaga mayai yake ndani ya kidudu hicho na kukiua. Walimwachilia kwanza Nigeria, mwaka 1981, kisha katika nchi nyingine za muhogo, na kidudu kikashuka. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Tunalileta hapa kwa sababu moja: mukipulizia dawa kali kila mara munapoona kitu kidogo kinaruka, munaua pia hao wasaidizi. Na buibui wa barazani anayekula nzi wenu anafanya kazi bila mshahara.

Maswali munayotuuliza

*Dawa ya sokoni ndani ya chupa isiyo na karatasi, tunaweza kuitumia nyumbani?* Hapana. Hamujui ni nini, ni nguvu gani, wala imepunguzwa na nini. Ndani ya nyumba watoto wanaivuta na inakaa kwenye vyombo. Tena, wengi wenu munapaka maji ya aloe kwenye ngozi: sumu mutakayopulizia jani leo, kesho mutaipaka mutoto.

*Na maji ya tumbaku?* Yanaua wadudu, kweli, lakini nikotini ni sumu kwa mtu pia, na inapita kwenye ngozi. Hatuyashauri.

*Tumeona vitu vyeupe kama pamba kati ya majani ya aloe, haviruki.* Hao ni wale wa jamii ya kidudu cha pamba. Waondoeni mmoja mmoja kwa pamba iliyochovywa kwenye alkoli ya duka la dawa, na muweke chungu hicho mbali na vingine hadi wamalizike.

*Wakati wa kiangazi nzi wanaisha wenyewe. Tusubiri tu?* Kwenye aloe munaweza kusubiri, mukiacha kumwagilia. Kwenye kitalu hapana, sababu ninyi wenyewe munapeleka maji huko kila siku, na kiangazi chetu ni kifupi. Muche uliolala mwezi wa kumi hautasimama mwezi wa sita.

Kazi ya wiki hii

Kila mwanachama: ingiza kidole katika kila chungu, toboa kile kisicho na matundu, mwaga maji ya sahani.

Kila kamati ya kitalu: gusa sashe kumi mbele ya kumwagilia, chomeka vipande vitano vya manjano, na mupange mtu wa kuhesabu nzi walioganda kila siku ya saba. Andikeni idadi kwenye daftari. Ikishuka wiki nne mfululizo, mumeshinda.

Kila mwenye muhogo: geuza majani ya mimea ishirini, na ufunge uzi kwenye ile iliyo safi.

Mukiona michirizi ya kahawia ndani ya muhogo, leteni kipande na jani lake kwenye mukutano wa koperativi au kwa agronomo wenu. Musikitupe kimya kimya kwa aibu, na musimpe jirani mashina yake.